Maji Ndani ya Ukuta

Siku ya nne baada ya mama kuhamia kwangu, ukuta wa chumba chake ulianza kulowa. Yeye ndiye aliyegundua. Nilikuwa nafunga viatu niende kazini aliponiita, na nilipoingia nikamkuta ameketi ukingoni mwa kitanda, kiganja chake kimebandikwa ukutani kama mtu anayempima mtoto homa.

"Hapa pana baridi," akasema. "Gusa."

Nikagusa. Ile rangi ya maziwa niliyozunguka maduka siku mbili kuichagua ilikuwa imevimba mahali pa upana wa sahani. Nilipobonyeza kwa kidole ikapasuka, na maji yakanitiririkia hadi kwenye kiwiko. Nikamwambia ni kitu kidogo, fundi atakuja jioni. Sikuwa na wasiwasi wowote, maana fundi mwenyewe nilimjua tangu utotoni.

Nyumba yenyewe ni ndogo, vyumba vitatu kwenye mteremko wa Nyanchwa, upande unaotazama mji. Niliijenga kwa miaka saba, nikisimama kila mshahara uliposimama. Mimi ni karani wa masjala katika ofisi moja ya serikali kule Kenyenya. Kazi yangu ni kupokea karatasi za watu, kuzipiga mhuri na kuzihifadhi mahali zitakapopatikana. Sikuolewa. Shamba la nyumbani, kule Masimba alikoishi mama, ni la kaka zangu, na hilo sijawahi kugombana nalo, ila nilitaka mahali ambapo mama angekuwa mgeni wangu mimi, si mimi mgeni wake.

Kisha mama akaanguka. Alikuwa anapanda kutoka chemchemi, mtungi wa plastiki mgongoni, njia ile ile aliyoipanda tangu alipoolewa, na udongo mwekundu ukamtelezesha. Nyonga ikavunjika. Alipotoka hospitali anatembelea gongo, nikaapa kwamba hatabeba maji tena maishani mwake, wala hatatoka nje kwenda chooni mvua ikinyesha. Ndipo nikaongeza bafu karibu na chumba chake, na choo cha kukalia, na sinki aliloweza kulifikia bila kuinama. Kila kitu kilitegemea mabomba.

Fundi wa mabomba alikuwa mwalimu wangu wa Shule ya Sabato. Nilipokuwa na miaka sita au saba, yeye ndiye aliyetukalisha chini ya dirisha la kanisa na kutukaririsha mafungu, na aliyekosea hakuchapwa, alipewa nafasi nyingine. Sisi wote tuliopita mikononi mwake humwita Mwalimu hadi leo, ingawa hakusomea ualimu. Kazi yake siku zote ilikuwa mabomba. Ndiye aliyeleta maji kanisani, ndiye aliyeyaleta katika shule mbili za mlimani, na sijawahi kusikia mtu akimlaumu. Nilipomwambia habari za mama alifunga macho kidogo, halafu akasema, "Mwanangu, hiyo kazi nitaifanya kama ya mama yangu."

Ningemwambiaje baada ya hapo atie sahihi mahali?

Alifanya kazi wiki tatu, peke yake, akiimba nyimbo za kanisa kwa sauti ya chini. Alichimba mifereji ukutani, akalaza mabomba ya kijani, yale ya plastiki ngumu ambayo huunganishwa kwa kuyeyushwa na mashine ya moto. Mwashi akaja nyuma yake, akapiga plasta na kubandika vigae. Siku ya kumaliza tulisimama bafuni wote watatu, mama akiegemea gongo lake. Mwalimu akaomba sala fupi, kisha akamwachia mama afungue bomba yeye mwenyewe. Maji yalipotoka mama alicheka kicheko ambacho sikuwa nimekisikia tangu baba afariki. Alifunga, akafungua tena, akafunga.

Kwa hiyo asubuhi ile ya ukuta sikumpigia Mwalimu simu kwa hasira. Nilimpigia kama unavyomwita daktari wa nyumbani.

Alikuja jioni hiyo hiyo. Akaupapasa ukuta, akanusa vidole vyake, akasema, "Hili ni jasho la saruji. Nyumba mpya hutoa jasho. Fungua madirisha mchana."

Tulifungua madirisha. Baridi ya Nyanchwa ikaingia na mama akalala amejifunga shuka mbili na sweta. Baada ya wiki ile sahani ilikuwa imekuwa sinia, na chini yake vigae vya korido vilianza kutoa mlio ukivikanyaga, kama vina hewa ndani. Nikampigia tena. Akaja, akapasua plasta mahali padogo, akapaka gundi nyeupe kwenye kiungo kimoja, akaziba. Siku tisa kukawa kavu. Nilizihesabu. Ya kumi, maji yakatokea upande wa pili wa mlango.

Sijui kama nitaweza kueleza jinsi ilivyokuwa kudai haki kwa mtu asiyekukatalia. Angenitukana ningejua la kufanya. Angezima simu ningemfuata kwake. Lakini Mwalimu alipokea simu kila mara, akaja kila mara aliposema atakuja, au siku moja baadaye akiomba radhi, na kila alipoingia alianza na mama: alimjulia hali, aliuliza nyonga, alimletea ndizi za kuiva kutoka shambani kwake. Halafu alipasua mahali, akaziba mahali, na kuondoka. Ukuta ulijaa viraka. Nilipomwambia kwa upole, "Mwalimu, labda kuna tatizo kubwa zaidi ndani," alinitazama kama alivyokuwa akitutazama tulipokosea fungu, akasema, "Tutalipata tu, mwanangu. Usikate tamaa upesi."

Nami, mwanamke wa miaka arobaini na sita, nikainamisha kichwa nikasema ndiyo.

Mama hakulalamika, na hilo lilinichoma zaidi. Alijifunza kuweka beseni mahali pa kuweka. Alisogeza kitanda chake mwenyewe, kwa gongo na goti, hadi katikati ya chumba. Akaanza kukohoa, akasema ni vumbi la plasta. Kisha Jumapili moja, saa za mchana, nikiwa jikoni nachambua chinsaga, ile mboga chungu anayoipenda, nikasikia gongo likianguka. Nilikimbia nikiita, "Baba! Baba!" Kwa Kigusii baba ni mama, majirani wasio wa huku hunicheka. Nilimkuta amesimama, ameshika mlango, mkono wa kulia ameukumbatia kifuani.

"Taa yako imeniuma," akasema.

Alikuwa amegusa swichi ya ukutani. Maji yalikuwa yamefika kwenye nyaya. Nilizima umeme wa nyumba yote na kumkalisha. Hakuumia. Lakini nilijua kwamba angeweza kuumia, na kwamba nilikuwa nimemtoa kwenye njia yenye utelezi nikamleta kwenye ukuta unaoweza kumuua.

Kesho yake niliomba ruhusa kazini, nikashuka mjini kumtafuta fundi mwingine. Nilimpata mmoja mbele ya duka la vifaa vya ujenzi, mwanamume wa makamo, msafi, mwenye mkoba wa vyombo uliopangwa vizuri. Alipanda nami hadi nyumbani. Hakupapasa wala kunusa. Alipasua ukuta kwa urefu wa mkono mzima, akapangusa vumbi, akashika bomba mahali lilipoungana na lenzake, akalivuta. Halikumpa kazi yoyote. Lilichomoka kama kizibo.

"Mama, angalia," akaniambia kwa Kiswahili. "Hii haikuiva. Ile moto ilikuwa kidogo. Imeshikana tu kwa juu." Akapasua mahali pengine. Kiungo cha pili kilikuwa kimepata moto mwingi mno, plastiki imeyeyuka ikaziba bomba kwa ndani, tundu limebaki la kupitisha kalamu. "Na hii nayo imeungua. Zote ziko hivi. Hapa hakuna kurekebisha. Ni kutoa zote, na vigae vyote, uanze upya."

"Unaweza kuniandikia hayo?" nikamuuliza. "Karatasi tu, kwamba umeona hivi na hivi."

"Naweza. Nani alifanya hii kazi?"

Nikamtajia. Akafuta mikono yake kwa kitambaa, kidole baada ya kidole, na akaanza kurudisha vyombo mkobani kwa mpangilio wake.

"Mama, utanisamehe," akasema. "Huyo mzee ndiye alinifunza kushika spana. Nilikula kwake miaka miwili. Siwezi kuandika."

"Lakini umeona kwa macho yako."

"Nimeona. Na kama ataniuliza nitamwambia nimeona. Kuandika, hapana." Hakukubali hata nauli. Pale mlangoni aligeuka kama anayetaka kuongeza neno, halafu akashika njia.

Nilikwenda kwa wazee wa kanisa. Walitupokea Jumapili asubuhi, mimi na Mwalimu, katika chumba kidogo cha nyuma. Nilikuwa nimebeba kile kiungo kilichochomoka, nimekifunga kwenye gazeti. Nikakifungua mezani. Kila mzee alikishika, akakigeuza, akampa wa pili. Nikaona wazi kwamba hakuna aliyejua anachokitazama. Mwalimu alipoulizwa alisema kwamba ameitikia kila alipoitwa na ataendelea kuitikia. Ilikuwa kweli. Mzee aliyeongoza kikao akaniambia kwa sauti ya huruma, "Binti yetu, huyu hajakukimbia. Wangapi hukimbiwa? Mpe nafasi." Tukashikana mikono, tukaombewa wote wawili, na katika sala hiyo mzee akamshukuru Mungu kwa kuleta amani. Nilifumbua macho kabla ya amina. Mwalimu naye alikuwa amefumbua yake. Tulitazamana, na ni yeye aliyetazama chini kwanza.

Nilikwenda kwa naibu wa chifu. Alinisikiliza vizuri, kalamu mkononi, kisha akauliza, "Mkataba mko nayo?"

"Hatukuandikiana."

"Risiti?"

"Alinunua vifaa mwenyewe. Nilimwamini."

"Shahidi? Fundi mwingine aliona?"

"Aliona, lakini hataki kuandika."

Akaweka kalamu chini. "Na wewe si ndiye yule wa masjala, pale Kenyenya? Mimi mwenyewe nimekuletea makubaliano ya watu hapo. Ulinirudisha siku moja kwa sababu shahidi hakuweka nambari ya kitambulisho."

Nilimkumbuka. Nilikuwa nimemrudisha kweli, bila hata kuinua uso. Hakusema kwa ubaya. Alicheka kidogo, akitaka nami nicheke. Akaahidi atamwita mzee huyo na kumwambia afanye kazi mara moja, kikamilifu, bila viraka. Akasema zaidi ya hapo ni mahakama, na mahakamani wataniuliza yale yale matatu.

Mwalimu alikuja Jumatatu iliyofuata, mapema, jua ndiyo kwanza linatoka upande wa Nyamira. Safari hii alikuja na ile mashine ya moto, ameiazima. Mama alikuwa bado amelala sebuleni, maana chumba chake nilikuwa nimekifunga na kukikatia umeme. Niliamua sitakwenda kazini. Nilivuta kiti nikaketi mlangoni mwa bafu, na nilikuwa nimejiandalia maneno. Nilikuwa nimeyarudia njiani siku nyingi, maneno makali lakini yenye heshima.

Akachomeka mashine. Ilikuwa na kioo kidogo chenye tarakimu zinazopanda. Akaitazama. Akachukua kipande cha bomba, akakisogeza, akakirudisha. Tarakimu zikaendelea kupanda. Akavaa miwani, akavua. Nikaona mikono yake, ambayo nimeiona ikifungua mabomba ya chuma yaliyoshikwa na kutu, ikisitasita juu ya kile chombo kama mikono ya mtu anayeogopa kuku.

"Mwalimu," nikasema, "ni moto kiasi gani unaotakiwa?"

Alichomoa waya ukutani. Kisha akaketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, mgongo kwangu, akasema kwa Kigusii, polepole sana, "Mwanangu, mashine hii siijui."

"Mimi ni fundi wa chuma," akaendelea. "Nikupe bomba la chuma, nilikate thredi, meno yale ya kufungia, nifunge katani na rangi, ukija baada ya miaka thelathini utalikuta. Nenda kanisani uone. Lakini chuma kiliisha madukani. Watu wakataka haya ya kijani. Nilimtazama kijana mmoja akiyaunga, mara moja tu, kwenye nyumba ya watu. Nikafikiri nimeelewa. Ningemwuliza nani? Wote hao ndio niliowafundisha."

"Na nyumba nyingine ulizofanya kwa haya ya kijani?"

"Yako ni ya pili."

"Ya kwanza?"

"Mwenyewe yuko ng'ambo. Hajahamia." Akageuka, na macho yake yalikuwa mekundu. "Niliposema nitafanya kama ya mama yangu sikukudanganya. Nilikusudia hivyo. Kila kiungo nilikiombea."

Nilitafuta yale maneno yangu makali, sikuliona hata moja. Nilichoona ni dirisha la kanisa, na sisi watoto chini yake, na yeye akisema, jaribu tena, unalijua. Nilitaka kumwambia kwamba mama alipigwa na umeme. Alikuwa anajua, nilikuwa nimeshamwambia kwenye simu. Nilitaka kumwuliza nitafanya nini sasa na nyumba ya miaka saba. Lakini mtu aliyeketi juu ya ndoo yangu hakuwa na nyumba ya kunipa, wala vigae, wala miaka. Alikuwa na shamba dogo la ndizi na jina lake.

"Usiwaambie kanisani," akasema.

Nikasema sitawaambia. Sijui kwa nini nilisema upesi hivyo. Nikaenda jikoni, nikampikia uji wa wimbi, kwa kuwa chai hanywi, na akaunywa pale pale bafuni, akinishukuru. Kisha akakusanya vyombo vyake. Mama, ambaye alikuwa ameamka, alimsikia akitoka, akamwita sebuleni, wakazungumza habari za mvua na bei ya ndizi kama robo saa. Nilisimama kwenye korido nikiwasikiliza, kiatu changu kimelowa.

Baada ya hapo sikumpigia tena. Nilifunga valvu kwenye tangi, nikaweka mfereji mmoja wa kukingia maji nje, karibu na mlango wa jikoni, kwa bomba linalopita juu ya ardhi mahali kila mtu anapoliona. Maji ya kuoga nayachota kwa ndoo na kuyaingiza ndani. Choo kinamwagiwa kwa jagi. Ukuta ulichukua miezi mitatu kukauka, ukabaki na ramani ya kahawia ambayo hakuna rangi inayoificha.

Mama alikaa hadi ukuta ulipokauka. Siku moja akaniambia anataka kurudi Masimba. Nikabisha, nikamwambia kule bado kuna ile njia ya chemchemi. Akasema mke wa kaka yangu atamchotea, na kwamba kule akisikia maji anajua yanatoka wapi. Hakusema kwa kunilaumu. Nilimpeleka mwenyewe, na kitanda chake nikakiacha pale pale katikati ya chumba alipokisukuma, kwa sababu kila nikitaka kukirudisha ukutani mikono inakataa.

Mwaka huu mwanamke mmoja kijana, mwalimu wa shule, amenunua kiwanja juu kidogo ya kwangu na kuanza kujenga. Ni mpole, hunisalimia kila akipita kuangalia mafundi wake. Sabato moja baada ya ibada alinishika mkono nje ya kanisa.

"Shangazi, nasikia yule mzee alikufanyia mabomba. Nimemwona ni mtu wa Mungu. Ni mzuri?"

Watu walikuwa wametuzunguka, wakisalimiana. Mwalimu mwenyewe alikuwa hatua kumi kutoka kwetu, ameshika Biblia yake, watoto wawili wanamvuta koti. Nilifungua mdomo. Nilijua jibu, na nilijua ahadi niliyoitoa, na nilijua pia ndani ya ukuta wa mtu kunaweza kukaa nini.

"Ni mtu mzuri," nikasema.

Akafurahi. Akanishukuru kwa mikono miwili.

Nililala vibaya siku hiyo, na nyingine nyingi. Jumanne ya wiki ya nne nikitoka kazini sikuingia kwangu, nilipanda moja kwa moja hadi kwenye kiwanja chake. Nilikuwa nimeazimia kumwambia kila kitu, ahadi au siyo ahadi. Nilikuwa nimeamua kusema tu, dada, mwombe mzee akuletee mtu mwingine kwa yale mabomba ya kijani. Nilimkuta amesimama katikati ya bafu lake jipya, uso umejaa furaha, na mwashi anasawazisha kuta kwa ubao mrefu. Plasta ilikuwa bado mbichi, laini, haina hata mstari.

"Umekuja wakati mzuri, shangazi," akasema. "Mzee amemaliza mabomba, wamefunika leo asubuhi. Ona walivyolainisha."

Nikaona. Nikamwambia hongera.